Kiunzi cha Orysia

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumanne, kiunzi cha kutembelea cha Orysia Pawluk kilikuwa hakipo. Saa mbili Garth, dereva wa kituo, alipowasha taa za ukumbi alikiona kwenye kona yake, na magurudumu yake na mkanda wake wa kiunoni. Sasa kona ilikuwa tupu, na saa tano Bi Lavallee wa serikali ya jimbo angefika kuwakagua watu wazima wenye ulemavu mkubwa wanaohudumiwa pale, aamue nani aendelee kulipiwa wasaidizi wangapi.

Macho yote yakamgeukia Stefka Hrynkiw, mama yake Taras, mmoja wa wanaohudumiwa pale. Stefka alipokea simu za polisi wa mji wa Dauphin, Kanada, mpaka akastaafu, na mjini hapakuwa na ndoa, talaka wala ng'ombe aliyepotea bila yeye kupata habari. Akavua koti, akajimiminia kahawa, akaketi katikati ya ukumbi, mahali ambapo hakuna wa kumpita bila kusalimu.

Alianza na milango. Wa nyuma ulizibwa na theluji hadi kitasani. Wa mbele Garth alikuwa kausimamia tangu saa mbili, akishusha viti vya magurudumu, na alisema hakuona kiunzi kikitoka. Basi Garth akawa wa kwanza kubanwa, maana juzi tu alilalamika kwamba kile kiunzi kinamlia nafasi garini kama fahali.

"Mama, nikiibe nikifanyie nini?" alisema. "Nikavulie samaki?"

Garini mlikuwa na koleo na mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, basi. Ikapigwa simu kituo jirani, ambako meneja alikuwa akikimezea mate kiunzi hicho waziwazi. Meneja, wakaambiwa, yuko Meksiko tangu Jumapili, anaota jua.

Stefka akanywa kahawa yake. Kama hakikutoka, kimo ndani. Akaacha kutafuta chuma, akaanza kutazama watu.

Orysia, mwanamke wa miaka thelathini na minne, hasemi. Akipenda kitu hukichekea na kukipigia makofi. Asubuhi hiyo kila alipopitishwa na kiti chake cha magurudumu mbele ya jukwaa la ukumbi alicheka, shingo ikageukia pazia. Halafu nywele. Baba yake, Mzee Metro, humsuka kila siku ya Mungu na kumfunga utepe. Leo alimleta nywele timutimu, sweta ina doa la supu ya jana. Na Mzee Metro huyohuyo, asiyekosa kuja kutazama hatua za bintiye, ndiye pekee ambaye hakuuliza kiunzi kiko wapi.

Saa nne Stefka alimwita jukwaani, watu wote wakiona, akavuta pazia. Kiunzi kilisimama nyuma yake, kimefunikwa sketi za wacheza ngoma zinazohifadhiwa pale.

"Mzee Metro," alisema, "umekosa hata blanketi la kukifunikia?"

Mzee aliipinda kofia yake mikononi.

"Ijumaa alivuka ukumbi mzima. Huyo mama wa serikali akiliona hilo atasema mtoto amepona, atamwondolea msaidizi wa pili. Si ndivyo walivyomfanyia mtoto wa Sawchuk? Nina miaka sabini na tisa, dada Stefka. Siwezi tena kumnyanyua."

Hakuna aliyecheka. Kila mzazi pale aliijua desturi hiyo: siku ya mkaguzi mtoto hasukwi, na husimuliwa siku zake mbaya tu. Stefka mwenyewe alikuwa kamvalisha Taras suruali ya viraka.

"Ukikificha kiunzi, mkaguzi ataona kiti tu," Stefka alisema, "na kiti kinataka msukumaji mmoja. Mwache aone hatua. Ahesabu mikono inayomshika."

Saa tano ilimkuta Orysia kasukwa, kafungwa mkanda wa kiunzi, msaidizi mmoja kulia, mwingine kushoto. Akaanza kutembea. Bi Lavallee alitazama kitambo, kisha akamwomba wa kushoto alegeze mkono kidogo. Papo hapo Orysia akaelemea upande huo mzimamzima; mkono ukarudi haraka.

"Inatosha," alisema Bi Lavallee. "Wote wawili wanabaki."

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mzee Metro alisimama mbele ya bintiye, mikono wazi, machozi yakimlowesha masharubu. Lakini mlango wa jiko ulikuwa wazi, na vitunguu vilikuwa vikikaangwa kwa siagi kwa ajili ya perogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi. Orysia alimfikia baba yake, akamzunguka bila hata salamu, akaelekea jikoni akicheka, wasaidizi wake wawili wakihema kulia na kushoto kwake.