Mtu wa Kupigiwa Simu

Saa nane mchana wa Juni, Riyadh nzima ilikuwa imejificha kwenye viyoyozi, isipokuwa mtaa wa maghala wa Al-Sulay. Mbele ya ghala la baridi malori yalipanga foleni, madereva wakipiga honi na wapakuzi wakipigiana kelele kwa lugha sita. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana aliyevaa suti ya mpira ya rangi ya chungwa, kutoka shingoni hadi miguuni.

"Madam, toka hapo! Hiyo lori inarudi nyuma, yalla!"

Jael Atieno aliruka pembeni, akageuka. Akaona kijana mrefu, jaketi nene limefungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu kichwani, penseli sikioni. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Hii jua yote, na wewe umevaa hivyo?"

"Mimi natoka kwa friza, huko ni digrii ishirini chini ya sifuri. Na wewe? Unaenda mwezini?"

"Naenda Greenland."

"Si hiyo ni karibu na mwezi?"

Kumbe Jael hakuwa anatania. Mtoto huyo wa Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, aliyejua kupiga kafi kabla ya kujua kusoma, aliajiriwa kuwa kiongozi na kampuni moja ya Jeddah inayowapeleka akina mama wa Kisaudia kuendesha kayaki, mitumbwi myembamba ya makafi, na kupanda milima kwenye nchi za barafu. Kabla ya safari huwaleta kwenye friza lile kujaribu mavazi. Anayelia kabla ya dakika kumi kuisha hushauriwa aende Dubai.

Kijana yule, Protus Wafula, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, ndiye aliyewafungulia mlango. Ndani, Jael alipotaka kuandika majina, kalamu ikagoma. Wino ulikuwa umeganda.

"Huku tunatumia penseli," Protus alisema, akaichomoa sikioni. "Lakini uirudishe."

Hakuirudisha. Ikabidi Protus aombe namba ya simu ili aifuatilie, na aliifuatilia mwaka mzima.

"Friji wangu, umekula?" Jael alikuwa akipiga kila jioni kutoka Jeddah.

"Nitakulaje, nahodha, na wewe uko mbali hivyo?"

"Wacha uongo. Nasikia ukitafuna."

Siku moja Protus alimfuata Jeddah, akaketishwa kwenye kayaki. Akatangaza kwamba kile chombo ni foklifti isiyo na breki. Jael alicheka hadi ufukweni, na Protus akajua kwamba hatapenda mwingine.

Juni ya pili Jael alileta kundi jipya. Protus akamsaidia kukusanya fomu. Kila mama alikuwa ameandika jina la mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Kwenye fomu ya Jael, nafasi hiyo ilikuwa tupu.

"Mbona hapa umeacha wazi?"

"Naachanga tu."

"Hata jina langu haliwezi ingia?"

"Protus, usianze."

"Kwani mimi ni nani yako?"

"Halas! Tuko kazini."

Laiti Jael angemwambia ukweli. Miaka minne nyuma, mama yake alipigiwa simu akaambiwa Jael hajulikani alipo. Ilikuwa dhoruba tu iliyomfungia yeye na wenzake kisiwani kwa saa chache, lakini mama alianguka simu ikiwa mkononi, na hakuamka tena. Jael aliapa kwamba hakuna mtu atakayepigiwa simu kwa ajili yake. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Protus naye alikuwa na kiburi chake. Jael alipompigia, aliitazama simu tu mpaka ikanyamaza. Agosti ikafika, na Jael akaondoka kwenda Greenland bila kuagana naye.

Siku nane mambo yalikwenda vizuri. Kayaki saba zilipita kati ya vipande vya barafu vikubwa kuliko misikiti, na mchana walipanda miamba wakiwa wamefungana kamba kiunoni. Mahali pale palikuwa kimya hata matone yalisikika yakidondoka kutoka kwenye makafi. Siku ya tisa upepo ukabadilika, barafu ikaziba ghuba yote, wakabaki hemani.

Emily, kiongozi mwenzake Jael, alikuwa na simu ya setilaiti. Kila mtu alipewa dakika moja ampigie aliyemwandika kwenye fomu.

"Jael, wewe hujaandika mtu. Tumpigie nani?"

"Protus. Tumpigie Protus, tafadhali."

"Namba?"

Jael akaichomoa simu yake mfukoni. Ilikuwa imezimwa na baridi, na humo ndani namba ilihifadhiwa kwa jina la Friji. Kichwani hakuwa nayo hata tarakimu moja baada ya sifuri na tano za mwanzo. Aliificha sura kwenye mfuko wa kulalia, akalia.

Huko Riyadh, pamoja na hasira zake zote, Protus aliijua tarehe ya kurudi. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Jumamosi alimwangukia bosi wake ampe ruhusa, akakimbilia basi la Jeddah akiwa bado na jaketi la friza.

Ofisi ya kampuni ilikuwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe. Karani wake, Yassir, alikuwa Mzanzibari mpole.

"Jael Atieno yuko wapi? Ako salama?"

"Watu wa wasafiri wote washaarifiwa, bwana. Wewe nani wake?"

Protus akavua jaketi. Jasho lilimtiririka. "Mimi... ndiye nilimpatia penseli."

Yassir alimtazama kwa huruma. "Sina ruhusa kukwambia kitu. Lakini kaa kitako nikutilie chai. Pangekuwa na msiba, nisingekwambia unywe chai."

Alikunywa chai hiyo kwa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi teksi ikasimama mlangoni, akashuka Jael, abaya imejaa vumbi la safari, pua imebambuka kwa baridi. Alimwona Protus kwenye ngazi, jaketi mapajani, macho mekundu.

"Friji wangu."

"Nahodha."

Wakaketi pale pale, na Jael akamweleza jinsi upepo ulivyogeuka tena na barafu ikawaachia, kisha habari za mama yake bila kuficha kitu. "Niliogopa kukuua na wewe," alisema.

"Simu ikikuja nitashtuka, sawa. Lakini isipokuja, mpenzi, nashtuka kila dakika. Niliulizwa mimi ni nani yako, nikakosa jibu."

Jael akafuta machozi kwa ukingo wa mtandio. Akaingia ndani, akamwomba Yassir fomu ya safari ijayo, akamtaka Protus amtajie namba yake. Aliirudia mara tatu akiwa amefumba macho, ndipo akatoa mkobani kipande kifupi cha penseli, akaandika jina na namba. Kwenye nafasi ya uhusiano akasita.

"Na hapa?"

"Andika mchumba," Protus alisema. "Desemba nikupeleke kwetu Bungoma waone nani amenifanya nikonde. Baadaye utafuta."

"Nikifuta, niandike nini?"

"Mume. Kama utakubali."

Jael aliitazama penseli, kisha akaiweka mezani. "Yassir, niazime kalamu ya wino."

Akaandika polepole, herufi nne tu, kisha akamrudishia Protus penseli yake.