Matone ya Saa Moja

Karakana ile ilikuwa na viti vingi kuliko nyumba yoyote mtaani. Vingine havikuwa na miguu. Vingine havikuwa na kitambaa, bali sponji tupu juu ya fremu ya mbao. Lakini vyote vilikalika. Kwa hiyo timu ya taifa ya wanawake ilipocheza, majirani walikuja kutazama hapo, kwa fundi makochi.

Fundi makochi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Watu walimwita Kepteni. Ujanani aliongoza timu ya wanawake ya mji ule. Enzi hizo walicheza kwenye kiwanja cha shule, siku ambazo wanaume hawakukihitaji. Watazamaji walikuwa ndugu wachache, na watu waliokuja kucheka. Sasa, miaka thelathini baadaye, timu ya taifa ilikuwa imefika nusu fainali ya kombe la mataifa. Kepteni hakuwa na mazungumzo mengine.

Alifanya kazi na binti yake. Mama alikata kitambaa na kushona. Binti alipigilia fremu na kubandika sponji. Vumbi la sponji na nyuzi lilijaa hewani, na macho yao yaliwasha na kuwa mekundu. Miaka mitatu nyuma, muuzaji wa duka la dawa aliwapa kichupa cha dawa ya matone. Wekundu uliisha siku hiyohiyo. Tangu hapo binti alinunua kichupa kimoja kila mwezi. Hakuna daktari aliyewaandikia dawa hiyo. Hakuna aliyewapima macho.

Mwaka huo Kepteni alianza kukosea kazi. Mshono wa upande wa kushoto ulipinda. Mara mbili alijigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Alilaumu taa. Akanunua balbu kubwa zaidi. Mshono uliendelea kupinda.

Siku ya nusu fainali, Jumatano alasiri, karakana ilijaa. Kepteni alikuwa amevuta kigoda chake karibu kabisa na televisheni.

"Kepteni, rudi nyuma!" kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimpigia kelele. "Umekaa puani mwa televisheni."

"Televisheni yangu, pua yangu," Kepteni alijibu.

Watu wakacheka. Kwenye kochi la nyuma alikaa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya macho. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na bado alivaa sare.

Kipindi cha pili timu yao ilishambulia lango la upande wa kushoto wa skrini. Dakika ya sabini, mshambuliaji alimpita beki, akapiga chini, mpira ukaingia. Karakana ililipuka. Mtu alivunja mguu wa stuli.

Kepteni aligeuka huku na huku. "Nini? Nani kafunga?"

"Unatania," kinyozi alisema.

"Mpira si ulikuwa katikati?"

"Jamani, Kepteni kasinzia kwenye nusu fainali! Mtoeni, aingie wa akiba!"

Watu walicheka sana. Binti naye alicheka. Muuguzi hakucheka. Kwa dakika kumi alikuwa amemtazama Kepteni badala ya mpira. Kila mpira ulipokwenda kushoto, Kepteni aligeuza kichwa kizima kuutafuta. Ulipokwenda kulia, hakugeuza kitu.

Mechi ilikwisha kwa bao hilo moja. Timu ilikuwa imeingia fainali. Watu walitoka barabarani kuimba na kupiga masufuria. Kepteni alitaka kuwafuata, lakini muuguzi alimshika mkono.

"Dada, kaa kidogo. Nifanyie jambo moja. Funika jicho la kulia kwa kiganja. Usilibonyeze. Haya, niambie unaona nini."

Kepteni alifunika jicho.

"Nani kazima taa?"

"Taa inawaka," muuguzi alisema.

"Basi umeme umepungua."

"Mama, umeme upo," binti alisema.

Kepteni aliondoa kiganja. Akakirudisha. Akakiondoa tena. Nje watu waliimba majina ya wachezaji, mmoja baada ya mwingine.

"Haliumi," alisema. "Halijawahi kuniuma hata siku moja."

"Ndivyo linavyokwenda. Haliumi, na jicho zima linamfichia mgonjwa upungufu wa jicho bovu. Mnatumia dawa yoyote ya macho?"

Binti alikitoa kichupa kwenye droo ya mikasi. Muuguzi alisoma maandishi madogo ubavuni.

"Nani kawaandikia hii?"

"Hakuna. Tunanunua tu."

"Mmeitumia muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Wote wawili?"

"Wote wawili," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kesho yake karakana haikufunguliwa. Kliniki iliwachukua tangu asubuhi hadi alasiri. Walisoma herufi ukutani. Walipimwa msukumo ndani ya jicho. Waliwekwa mbele ya mashine yenye vimulimuli, wakaambiwa wabonyeze kitufe kila wanapoona nukta ya mwanga. Kepteni alisubiri nukta muda mrefu. Alidhani mashine imekwama. Haikuwa imekwama.

Daktari aliwaita pamoja. Muuguzi alisimama mlangoni.

"Mama, una ugonjwa unaoitwa glakoma," daktari alisema. "Wengi huuita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yakishindwa kutoka vizuri, yanajaa. Yakijaa, yanaminya neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva inakufa kidogo kidogo."

"Kama foronya iliyoshindiliwa sponji kupita kiasi," Kepteni alisema. "Mshono unaachia."

"Kama hivyo."

"Mshono ukiachia, mimi hushona upya."

"Huu haushoneki, mama. Neva ikifa haifufuki. Presha ya kawaida ni kati ya kumi na ishirini na moja. Yako ni thelathini na nane. Jicho la kushoto limebaki na mwanga hafifu tu. La kulia limepoteza upande wake wa kushoto."

"Ni ile dawa?" binti aliuliza.

"Dawa ile ina steroidi, kemikali ya kutuliza wekundu na uvimbe. Inafaa kwa magonjwa fulani, kwa siku chache, chini ya uangalizi. Ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya macho kwa baadhi ya watu. Huenda mama yako angeugua hata bila dawa hiyo. Siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba haikumsaidia, na kwamba wekundu ulipoisha, mlidhani macho ni mazima."

"Na mwanangu?" Kepteni aliuliza.

"Presha yake ni ishirini na saba. Imepanda. Lakini neva zake bado ni nzima. Amekuja mapema. Aache dawa ile leo, arudi baada ya wiki sita."

Kepteni alivuta pumzi. Kisha aliuliza swali alilokuja nalo.

"Daktari, fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nifanyie upasuaji kesho. Nitavumilia. Nataka kuiona yote, kona zote nne."

Daktari hakumficha ukweli. "Upasuaji unaweza kushusha presha, na huenda tukaufanya siku zijazo. Lakini haurudishi kilichopotea. Wala dawa hairudishi. Nitakupa matone mengine. Tone moja kila jicho, saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, maisha yako yote. Kazi yake ni kulinda kilichobaki."

"Nikiruka siku moja moja?"

"Hutasikia chochote. Hapo ndipo hatari ilipo."

Walirudi nyumbani na kichupa kipya. Mtaani mazungumzo yote yalikuwa ya fainali. Kinyozi alikuwa ananyoa namba za wachezaji kisogoni mwa wateja. Makochi ya karakana yaliandikwa kwa chaki majina ya waliowahi nafasi. Mteja mmoja, ambaye kochi lake lilikuwa tayari, alikubali kulichukua baada ya fainali. Aliweka sharti moja tu: alikalie yeye.

Jioni ya tatu Kepteni alimkuta binti yake ameinamia fremu, nyundo mkononi, hapigi.

"Msumari umekukosea nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea kile kichupa, mama. Kila mwezi. Kikikaribia kuisha nakimbilia kingine."

"Nani alikuwa anakutuma?"

"Wewe."

"Basi tugawane. Nusu yako, nusu yangu."

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi." Kepteni alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. "Jana nilifunika jicho la kulia tena, peke yangu. Nilitaka kuuona uso wako ukiwa umelala. Sikuuona. Nikafunua, nikauona. Sasa sikiliza. Hili la kushoto nimeshaliaga. Lililobaki nitalilinda, na yako mawili tutayalinda. Hiyo ndiyo kazi. Kulia tutalia tukishamaliza kazi."

Lakini alilia kabla ya kumaliza, na binti naye alilia, na fremu ile haikupigiliwa siku hiyo.

Muuguzi alipita kila jioni kuwafundisha. Nawa mikono kwanza. Inamisha kichwa nyuma. Vuta kope ya chini. Tone moja tu, ncha ya kichupa isiguse jicho. Fumba. Bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isikimbilie puani. Kwa kazi ya vumbi aliwaagiza wavae miwani ya kukinga, wafungue madirisha, na wanawe uso kwa maji safi. Jicho likiwa jekundu siku mbili, waende kliniki, si dukani.

Jumamosi, saa kumi jioni, fainali ilianza. Watu arobaini walibanana karakanani. Binti aliisogeza televisheni kulia kwa mama yake, pale jicho lilipokuwa linaona vizuri zaidi. Alikaa kushoto kwake, akimtajia kila kilichotokea upande ule.

"Beki wao kaupata. Karudisha nyuma. Kipa kapiga mbele."

"Mbele wapi?"

"Unakuja kwako sasa. Unauona?"

"Nauona. Nyamaza nione."

Dakika tisini zilipita bila bao. Nyongeza zikapita bila bao. Zikaja penalti. Nne kwa nne. Wapinzani wakapiga ya tano, ikaingia. Mchezaji wa timu ya taifa akachukua mpira na kutembea kuelekea kwenye alama. Akikosa, kombe limekwenda.

Kengele ya kukumbusha dawa ikalia kwenye simu ya Kepteni. Saa moja jioni.

"Binti, lete dawa."

"Mama, bado penalti moja!"

"Kepteni, dakika tano hazitakudhuru," muuguzi alisema. "Nakwambia kitaalamu."

"Kesho zitakuwa kumi. Keshokutwa nitasahau. Mimi najijua." Aliegemeza kichwa kwenye mgongo wa kochi. "Weka."

Binti alikifungua kichupa. Kinyozi alimshikia tochi bila kuambiwa. Tone la kulia. Tone la kushoto. Kepteni alifumba macho na kubonyeza kona zake kwa vidole viwili. Filimbi ya mwamuzi ilisikika kwenye televisheni.

Kisha akasikia watu arobaini wakishusha pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyepiga kelele.

"Tumekosa," alisema.

"Tumekosa, mama."

"Ulikwenda wapi?"

"Juu ya mwamba wa goli."

"Alirudi hatua ngapi kabla ya kupiga?"

"Nyingi. Saba, nane."

"Nyingi mno," Kepteni alisema. "Anafanya nini sasa?"

"Amekaa chini. Wenzake wanamwendea."

"Wote?"

"Wote. Hata wa benchi."

Vidole vya Kepteni havikuondoka kwenye kona za macho.

"Nitoleeni kitambaa, lakini msinipe bado," alisema. "Nikilia sasa, dawa yote itatoka. Zimebaki sekunde ngapi?"

"Hamsini," muuguzi alisema, akitazama saa yake.

Watu wote walisubiri pamoja naye hizo sekunde hamsini. Kisha alipewa kitambaa.

Wiki sita baadaye presha ya macho ya binti ilikuwa imeshuka. Daktari alimwagiza apimwe kila mwaka, kwa sababu mtoto wa mwenye glakoma yumo hatarini kuliko wengine. Kinyozi naye alikwenda kupimwa, akisema anasindikiza tu. Mwenye duka la dawa alitembelewa na wakaguzi, na matone yale sasa hayauzwi bila karatasi ya daktari. Karakana inafungua madirisha yake yote. Mishono ya upande wa kushoto anaishona binti.

Mwaka mmoja baadaye mama na binti walirudi kliniki siku moja. Daktari aliweka mezani vipimo viwili vya Kepteni, cha mwaka jana na cha mwaka huu. Sehemu iliyopotea ilionekana nyeusi. Ilikuwa kubwa, na katika karatasi zote mbili ilikuwa sawasawa.

"Haijaongezeka," daktari alisema. "Kwa ugonjwa huu, hakuna habari njema kuliko hiyo."

"Sare," Kepteni alisema. Akamgeukia binti yake. "Na wewe?"

"Kumi na nne, mama. Macho yote."

"Basi mmoja wetu kashinda," Kepteni alisema, akakunja karatasi zake, akauliza tarehe ya kurudi.