Uso wa Shangazi Kwenye Bango

Kila siku baada ya masomo, Wino alivua sare, akavaa aproni ya baba yake na kuingia kazini katika duka lao la uchapaji. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havikutakata hata kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, lakini mashine ya kuchapia ya baba aliijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha.

Wiki ile walikuwa wakichapa mabango ya shangazi yake, mhandisi wa maji, aliyekuwa akigombea urais. Nusu ya mabomba ya mji ule aliyalaza yeye. Lakini katika nchi ile kiti cha urais kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mwanamke, wala na mtu mweusi, na shangazi alikuwa vyote viwili. Wenye midomo hawakunyamaza. Hata darasani mvulana mmoja alisema, "Rais mwanamke? Tena mweusi vile? Labda rais wa masufuria!" Darasa zima likaangua kicheko. Wino akameza machozi.

Basi baba alipotoka kwenda kununua karatasi, Wino aliifungua picha ya shangazi kwenye kompyuta. Ukutani palikuwa na kibao: TUNANG'ARISHA PICHA. Maharusi, wahitimu, hata mabwana wenye vitambi walikuja na ombi lile lile, "Nipunguzie weusi kidogo," na baba alipunguza bila kuuliza. Wino naye akapunguza. Akapunguza tena. Yakatoka mabango mia mbili ya mwanamke mwenye rangi ya chai ya maziwa.

Baba alirudi akiwa na shangazi. Shangazi akainua bango moja, wino ukiwa bado mbichi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mashine, shangazi," Wino alijibu haraka. "Wino mweusi umeisha."

Baba alifungua kifuniko cha mashine. Chupa ya wino mweusi ilikuwa imejaa pomoni. Alimtazama tu binti yake, mpaka binti akainamisha kichwa.

"Ni mimi," Wino alisema huku akilia. "Nilitaka ushinde. Shuleni wanasema mweusi hawezi."

Shangazi aliketi juu ya boksi la karatasi kama mtu aliyechoka ghafla. "Wiki iliyopita wakubwa wa chama waliniomba hivi hivi. Nipunguzwe rangi, na mume wangu asimame mbele yangu kwenye picha. Niliwakatalia. Nikawaambia, nyumbani kwetu hakuna anayenionea haya." "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno yale yalimchoma Wino kuliko kiboko. Walichapa upya, na kila bango Wino alilipanga kwa mikono yake.

Siku ya uchaguzi shangazi alishindwa, tena vibaya. Akashinda bwana mmoja ambaye hajawahi kufunga hata koki ya bomba. Kesho yake watu walipanga foleni kwenye bomba lililo mbele ya duka, ndoo mkononi.

"Mama yule ana akili sana," mmoja alisema akikinga maji, "ila nchi bado haijawa tayari kwa mtu kama yeye."

Wenzake wakaitikia. Binadamu hawana haya!

Shangazi aliyasikia yote akiwa dirishani. "Maji yangu wanayanywa," alisema, "uso wangu hawautaki."

"Ungeuacha ule nilioutengeneza, labda ungeshinda," Wino alinong'ona.

"Labda. Halafu ningeuvaa uso ule miaka yote, na kila msichana mweusi angeamini kwamba kosa ni lake. Kosa si letu, mwanangu, ni la wanaotubagua. Ukidanganya kuhusu nafsi yako ili upendwe, umewaambia kwamba wana haki ya kukuchukia." Akafuta macho. "Nitagombea tena. Na uso huu huu."

Baba alipanda juu ya stuli akaking'oa kile kibao ukutani. Wino akampokea misumari.