Ukuta wa Pumba

Siku ya gulio pale Chimala, mashine ya kukoboa mpunga huunguruma hata mtu asisikie akiitwa jina. Tumpe, kitenge chake cha njano kimejaa vumbi, alikuwa akijaza pumba kwenye viroba, macho chini kama kawaida yake, alipoona viatu vilivyoganda saruji vimesimama mbele yake.

"Dada, nataka viroba arobaini vya pumba."

Arobaini! Tumpe akasahau haya zake. "Kaka, una nguruwe wangapi?"

"Hata mmoja. Nailisha nyumba."

Faustina, mwenzake wa mashineni, alicheka mpaka akashika kiuno. Kumbe kijana hakutania. Aliitwa Dastan, fundi wa Igowole, na nyumba aliyokuwa akijijengea ilikuwa na kuta mbili mbili, kati yake nafasi ya kiganja. Humo alishindilia pumba, ili baridi ibaki nje na joto la jiko libaki ndani.

"Huko kwenu kuna baridi gani mpaka nyumba ivae sweta?"

"Njoo uionje."

"Mimi? Nitaganda kama mafuta ya nazi."

Dastan akamtazama. "Basi nitaishindilia vizuri."

Alirudi mara mbili kufuata pumba, mara ya tatu akafuata namba ya simu. Ikawa kila jioni anapiga.

"Leo nimepiga lipu mbele, mpenzi. Sasa naimwagilia maji siku saba, isipasuke."

"Unamwagilia ukuta kama mchicha?"

"Ndiyo. Na wewe mchicha wangu, umekula?"

Tumpe alicheka peke yake. Picha nazo zilikuja: ukuta wa rangi ya maziwa, chini mkanda wa bluu. Kila picha ni ya mbele.

Mwezi wa saba aliazima sweta nyekundu, akapanda basi kwenda Igowole bila kumwambia. Dastan hakuwepo. Mbele nyumba iling'aa kama bibi harusi. Tumpe akazunguka nyuma, na moyo ukamshuka. Ukuta mzima ulikuwa matofali matupu, hauna pumba, hauna lipu, ukungu unaingia juu kama kwenye mdomo wazi. Akakumbuka onyo la Faustina: "Mwanaume anayepaka mbele tu, mdogo wangu, anauza sura."

Akarudi Chimala analia. Simu iliita siku tatu, akailaza kifudifudi.

Siku ya nne Dastan alisimama mashineni, kofia mkononi.

"Jirani kaniambia msichana wa sweta nyekundu alifika kwangu, akaondoka na machozi. Nimekosa nini, Tumpe?"

"Picha zote za mbele. Nyuma ukanificha."

"Sikuficha. Niliogopa."

"Uliogopa ukuta?"

"Niliogopa kuuliza." Aliikunja kofia mpaka ikawa kama andazi. "Nyuma ni jikoni. Nikishajaza pumba na kupiga lipu, halafu mtu atake dirisha, tukitoboa pumba zote zinamwagika. Lazima mwenye jiko aseme mapema dirisha likae wapi. Sasa nikikuuliza dirisha, si nimekuuliza na mengine yote?"

Mashine ikanyamaza ghafla. Faustina alikuwa ameizima.

"Endeleeni tu," akasema. "Mimi simo."

Tumpe akatazama vidole vyake vyenye vumbi. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka. "Mtume mshenga kwa baba kwanza. Dirisha nitachora mwenyewe."

Mshenga alikwenda, akarudi na jibu jema. Mwezi wa tisa Tumpe, na shangazi yake akimsindikiza, alisimama nyuma ya ile nyumba na kipande cha mkaa, akachora pembe nne.

"Mbona chini hivyo?" Dastan akauliza.

"Ndio urefu wangu. Au ulikuwa unamjengea mwingine?"

Dastan akashika nyundo na tindo, akang'oa tofali la kwanza pale kwenye alama, kisha la ukuta wa ndani. Jua la asubuhi likaingia jikoni. Tumpe akavua sweta, akaifunga kiunoni, akaanza kufungua viroba.