Aliyebisha Mlango wa Ndege

Mwaka 1977, wakati wa masika, maji yalikata barabara ya Iringa. Jioni moja daktari wetu pale Mbeya akaniomba nimsindikize mgonjwa kwa ndege ndogo ya kukodi, nimfikishe Iringa kwa daktari wa upasuaji. Nilikuwa nesi. Niliona ni kazi kama kazi nyingine.

Mgonjwa aliitwa Malimi, mfugaji wa Rujewa. Fahali alimchoma pembe ubavuni, pafu likatoboka. Fahali huyohuyo alimchoma kaka yake, Seni. Seni alikufa palepale kwenye jaruba la mpunga.

Rubani, Kapteni Gideoni, alifunga mlango, akanieleza kabla hatujaruka.

"Sista Sekela, huko juu hewa ni nyepesi. Injini zitasukuma hewa humu ndani, na vali ya nyuma itaachia ile ya ziada. Nitaiweka kama vile tupo hapahapa Mbeya. Ikipungua, hewa iliyonaswa kifuani mwake itavimba, ibane moyo. Atakufa."

"Na mlango?"

"Unafungukia ndani. Hewa yetu inaukandamiza. Tukiwa juu hakuna mtu wa kuufungua."

Tukaruka. Jua likazama nyuma yetu. Masikio yakaziba, yakazibuka. Malimi alikuwa amelala, akihema kifupikifupi.

Ngo... ngo... ngo...

Nilidhani ni injini. Nikamtazama Kapteni. Naye alikuwa amegeuza shingo, anautazama mlango.

Ngo... ngo...

Kwa nje.

Harufu ikajaa mle ndani. Matope ya mpunga... na ng'ombe aliyelowa. Malimi akafumbua macho, akanikamata mkono.

"Sista... usimfungulie."

"Nani?"

"Seni." Akameza mate kwa shida. "Alikuwa anafundishwa mambo na mganga. Alipoanguka alinishika mguu, akaniambia nimwachie mwili wangu. Nikakataa."

"Hawezi kuingia," nikamnong'oneza. "Hewa imeubana mlango."

Akanitazama.

"Na tukishuka?"

Nikainama sikioni mwa Kapteni. "Tukishuka inakuwaje?"

"Hewa ya nje inakuwa nzito kama yetu," akasema polepole. "Hakuna kitakachoubana mlango tena."

"Basi tuzunguke kidogo, Kapteni. Tafadhali."

"Mafuta hayatoshi. Na huyo atatufia huku juu."

Chini zikaonekana taa za mafuta ya taa, zimepangwa kando ya uwanja wa Iringa. Tukaanza kushuka. Kadiri tulivyoshuka, kubisha kulizidi. Mkono wa mlango ukaanza kutikisika. Malimi alilia bila sauti.

Magurudumu yakagusa ardhi. Vali ikafunguka. Ssss...

Kimya.

Midomo ya Malimi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nje, daktari alikuwa anakuja mbio na watu wa machela. Nisingefungua, angekata roho mbele yangu.

Nikafungua.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Upepo wa baridi tu, ukanipita shavuni, ukaingia ndani.

Alipona. Daktari mwenyewe alishangaa kidonda kilivyofunga upesi. Fundi mmoja wa ndege aliniambia bati hugonga likitanuka, hewa inapobadilika. Kapteni naye aliniambia hivyohivyo, lakini hakunitazama usoni.

Barabara ilikuwa haijatengenezwa, nikabaki Iringa nikimuuguza. Alikula vizuri. Alikuwa mpole. Kitu kimoja tu kilinisumbua: nikimwita Malimi, ilibidi niite mara ya pili ndipo aitike.

Barabara ilipopitika, mkewe akaja kumchukua. Anaitwa Kalista. Alikuja na kuku na shuka mpya, akicheka na kila mtu njiani. Nikampeleka hadi mlango wa wodi.

Mgonjwa akaketi kitandani. Akatabasamu.

"Karibu, shemeji."

Kalista akasimama. Kuku akamponyoka mkononi. Alimtazama yule mtu muda mrefu, macho, mikono, namna alivyokunja miguu. Kisha akanigeukia mimi, akanishika gauni.

"Dada... mume wangu mmemwacha wapi?"