Daftari la Fundi Cherehani

Haya alinihadithia rafiki yangu jana, Jumatano. Harusi yake, iliyokwisha kuahirishwa mara mbili, ni Jumamosi hii, naye alikuwa ametoka kupimwa gauni.

Umeme ulikatika wakiwa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Fundi, mama mcheshi, aliendelea kupima kwa kupapasa.

"Kifua, thelathini na sita."

"Thelathini na sita," ikarudia sauti kutoka nyuma ya kabati, kama ya mtu aliyebana pini mdomoni. Penseli ikakwaruza karatasi.

"Kiuno, ishirini na nane. Wee bibi harusi, pumua! Au siku hiyo huli?"

Wakacheka.

"Ishirini na nane," ikasema sauti. "Na urefu, akilala?"

Kicheko kikakatika.

"Mwanangu, mwambie mwenzako aache mzaha."

"Nimekuja peke yangu, mama. Si msaidizi wako?"

"Sina msaidizi."

Wakamulika kwa simu. Nyuma ya kabati hapakuwa na mtu, ila daftari limefunguliwa juu ya kiti. Chini ya vipimo vya kila gauni fundi huandika "Litachukuliwa," kisha siku. Chini ya vipimo vya rafiki yangu paliandikwa: "Atachukuliwa Ijumaa."