Rekodi Arobaini na Tatu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bibi Hazina aliwasha kompyuta akakuta rekodi arobaini na tatu zimefutwa, zote za vinasaba vya ugonjwa wa ng'ombe. Walimpa jina hilo kwa sababu alitunza hazina ya data ya maabara sita, tena kwa mkono wa birika. Nakala za akiba zilikuwepo. Ila mkurugenzi alikwishapata wa kumtwisha lawama: fundi wa programu, aliyegombana naye juzi mbele za watu. Saa sita angefukuzwa.

"Jana saa kumi na dakika ishirini ulikuwa wapi?" Bibi Hazina alimuuliza fundi.

"Kwenye kiti hiki hiki. Najua nimekaa pabaya."

"Aliyefuta saa hiyo ametumia akaunti ya pamoja."

"Ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani. Nilisema libanduliwe, mama, mkaniona mkorofi."

Kweli alisema. Mtafiti mgeni naye alitiliwa shaka, lakini daftari la getini lilionyesha ametoka saa tisa.

Bibi Hazina akarudia orodha. Rekodi arobaini zilikuwa na tarehe moja ya kuchukuliwa damu. Tatu zilikuwa na tarehe nyingine kabisa. Akashuka chumba cha friza. Vichupa vyote arobaini na vitatu vilikaa kwenye kisanduku kimoja, vimeandikwa kwa mkono tarehe ile ile. Mwingizaji data alikosea zile tatu, na kompyuta haikujua. Aliyefuta alijua, maana ndiye aliyechukua damu. Akautambua mwandiko.

Saa tano kasoro robo alibisha mlango wa mzee aliyemfundisha kazi yote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Keti."

"Zile tatu zimekuponza. Hakuna mwingine aliyejua ni za siku ile."

Mwalimu akavua miwani. "Siku ile nilichanganya damu za mazizi mawili. Niligundua baadaye sana. Sasa wanataka kuzitumia kutengeneza chanjo."

"Si ungesema?"

"Nilikuandikia mara tatu. Niliomba mahali pa kuandika kwamba rekodi ina kosa. Ukanijibu mfumo hauna nafasi hiyo, na kwamba mtu kama mimi hakosei."

Alikumbuka. Tena alicheka alipokuwa akiandika jibu lile, akidhani ni wasiwasi wa uzee. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

"Na fundi je, Mwalimu? Ulijua anafukuzwa?"

"Tangu asubuhi. Nimekaa hapa nikitafuta miguu ya kupanda ngazi."

"Twende wote."

Mbele ya mkurugenzi, Mwalimu alikiri bila kuzungusha maneno, naye Bibi Hazina akazisoma barua zote tatu kwa sauti pamoja na majibu yake. Hazikusaidia. Kufikia saa sita, Mwalimu alikuwa amekabidhi kitambulisho na ufunguo wa friza, akaondoka na mkoba wake kwapani.

Bibi Hazina akaenda kusimama kando ya kiti cha fundi.

"Hiyo nafasi ya kuandika makosa," alisema, "kuiweka kutachukua muda gani?"

Fundi akatazama kioo cha kompyuta.

"Dakika ishirini, mama."